Tupeane uzoefu: Moyo ukielemewa, unarudia maneno gani?

#1 (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Humu watu wengi wanaomba ushauri kuhusu msongo wa mawazo, huzuni ya msiba, hofu isiyoeleweka imetoka wapi. Naomba uzi huu uwe wa jambo moja tu: kurudia maneno. Iwe dhikri, rozari, zaburi, mantra (maneno ya ibada ya Wahindu na Wabudha yanayorudiwa), au sentensi uliyojitungia. Tuambie kilichokusaidia wewe, ulikuwa unakifanyaje, na kilikufikisha wapi.

Naanza mimi. Baada ya kumzika mama, mchana nilikuwa naumudu kwa sababu kulikuwa na watu na kazi. Shida ilikuwa usiku. Kichwa kinarudia siku zake za mwisho, nilichomwambia na nilichoacha kumwambia. Nikachukua rozari yake. Sikuwa na nguvu ya kuomba chochote, na maneno yangu mwenyewe yalikuwa yameisha. Makumi matano ya Salamu Maria yalinipa maneno ambayo sikuhitaji kuyatafuta. Shanga zenyewe ndizo zilizonisaidia kuliko nilivyotarajia: kidole kikihama, akili nayo inahama kidogo. Huzuni haikuondoka, lakini iliacha kunikaba, na usingizi ukaanza kurudi.

#2
Pole sana mkuu, Mungu ampumzishe mama. Mimi ni Muislamu, kwangu ni dhikri. Nilipoachishwa kazi nilikuwa naamka alfajiri kifua kimebana. Baada ya swala nabaki palepale nasoma Hasbunallahu wa ni'mal wakil, tasbihi mkononi. Shekhe wangu alinisisitizia nisikimbize, kila herufi itoke ilivyo, kwa sababu anayekimbiza anafukuza idadi tu. Aya ya 28 ya Surat Ar-Raad inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Nilikuwa naijua tangu madrasa, lakini kipindi kile ndipo iliponiingia. Madeni yalikuwepo vilevile. Tofauti ni kwamba niliweza kuwapigia simu wanaonidai na kupanga nao bila sauti kutetemeka. Kwangu huo ndio uponyaji.

#3
Hilo la kutokimbiza lina maelezo yake kitabibu, na mimi kama muuguzi naliona kazini. Mwaka 2001 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, waliowapima watu wazima 23 wenye afya wakisoma Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakisoma mantra. Kwa zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu nayo yakawa yanapanda na kushuka kwa mpangilio. Sababu ni nyepesi: huwezi kutamka mstari mrefu taratibu bila kutoa pumzi taratibu, na pumzi inayotoka taratibu huipa neva ya vagasi (inayounganisha ubongo na moyo) nafasi ya kupunguza kasi ya moyo.

Mgonjwa anayesubiri upasuaji namwambia achague maneno ya imani yake au yoyote anayoyapenda. Aweke mkono tumboni, asome kwa sauti ya chini, mstari mmoja kwa pumzi moja inayotoka. Mara nyingi mabega ndiyo yanaanza kushuka, halafu vidole vilivyong'ang'ania shuka vinalegea. Simwambii asiogope. Nakaa naye tu tunasoma.

#4
Mimi si mtu wa dini, natumia sentensi. Zile za "mimi ni shujaa, najipenda" mbele ya kioo zilinikataa kabisa, kila nikitamka kitu ndani kinanijibu kwamba ni uongo. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa Joanne Wood na wenzake wa mwaka 2009: watu wenye kujidharau waliporudia kwamba wao ni watu wa kupendwa, walijisikia vibaya zaidi. Nikajua siko peke yangu. Siku hizi nasema, "Naogopa, na bado nimesimama." Hiyo nafsi yangu haiwezi kuibishia, kwa sababu ni kweli tupu. Naisema nikisubiri majibu ya vipimo, nikiwa nje ya mlango wa kikao, popote. Chagueni maneno ambayo hata siku mbaya kabisa mtayaamini.

#5
Swali wakuu. Mimi ni Mkristo, nikisoma mantra za Wahindu au Wabudha sitakuwa nachanganya imani?

#6
@5 kama dhamiri inakusuta, usilazimishe. Mantra nyingi ni ibada za watu kabisa, mantra ya Gayatri kwa mfano imo kwenye Rigveda, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa hiyo hata heshima kwao inataka usizichukue kama dawa ya usingizi. Kwako kuna hazina tele. Waorthodoksi wana Sala ya Yesu, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi," ambayo watawa wa Mlima Athos kule Ugiriki huirudia kwa kufuata pumzi. Jumuiya ya Taizé kule Ufaransa huimba mistari mifupi tena na tena. Na Zaburi ya 136 ina kiitikio kilekile katika aya zote 26. Anzia hapo.

#7
Naomba niseme hili kwa uzito. Nimeugua sonona. Watu walinisihi nisali tu, nami nilisali, huku kutoka kitandani kunanishinda. Kilichoniinua ni dawa na mtaalamu wa saikolojia. Maneno yalikuja baadaye, yakawa yananishikilia kati ya miadi na miadi, na hadi leo nayathamini. Lakini mwenzako akikwambia anawaza kujiua, usimwachie tasbihi ukaondoka. Kaa naye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Jingine: kwa waliopitia ukatili, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kuamsha kumbukumbu. Mimi naimba macho wazi, nikitembea, kwa sauti ninayoisikia mwenyewe. Kumbukumbu zikianza kuja nasimama, nataja vitu ninavyoviona, ndipo naendelea au naacha.

#8 (mleta mada)
@7 asante sana, hilo lilihitaji kusemwa. @3 tangu nisome ulichoandika nasoma mstari mmoja kwa pumzi moja, na nimeona nilikuwa naharakisha sehemu ya pili ya sala bila kujua. Bado sijasikia kutoka kwa wanaofanya hivi kwa kikundi, kwaya au halaka ya dhikri: sauti za wenzako zinabadilisha nini? Na aliyejaribu akaacha naye aje, atuambie kilichomfanya aache.