Kipupwe hiki niwapeleke wapi: Lushoto, Serengeti, Kitulo au Pangani?

Mama Wawili (Raskazone, Tanga)

Asalaam aleikum na habari za jioni wana jamvi. Shule zinafunga Juni, na mume wangu amepata likizo ya siku sita mfululizo, jambo ambalo halijatokea tangu mdogo azaliwe. Tuko watano: sisi wawili, kijana wa miaka 11, binti wa miaka 6, na mama mkwe wangu aliyevuka sabini. Mama ana baridi yabisi ya magoti, binti ana pumu. Gari tunalo, ila dogo na liko chini. Bajeti milioni moja na nusu, mafuta humo humo.

Kila mtu nyumbani ana lake. Kijana anataka Serengeti, aone nyumbu wakivuka Mto Mara, maana mwalimu wake amewachorea ramani nzima ubaoni. Baba yake ameona picha za maua ya Kitulo na hataki kusikia kingine. Mimi roho yangu iko Lushoto, nataka nivae sweta walau mara moja kwa mwaka, niamke nione ukungu. Mama mkwe anasema tumpeleke Pangani tu, lakini tukadhani anatuonea huruma ya gharama. Pangani si hapo tu?

Naombeni waliokwenda miezi hii hii ya Juni na Julai. Picha za mtandaoni hazisemi zilipigwa mwezi gani.

Mwalimu wa Nyanda (Mbeya)

Dada, hilo la mwisho ulilolisema ndilo lenyewe. Nianze na Kitulo kwa sababu ndipo nyumbani na ninapapenda mno, kwa hiyo sitaki mume wako apaone vibaya.

Maua ya Kitulo yanataka mvua. Yanaanza Desemba, yanakolea Januari na Februari, na kufika Aprili yanaagana. Miezi hiyo uwanda wote, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, unakuwa zulia: okidi za aina zaidi ya arobaini, za njano, za zambarau, nyingine huzioni mpaka upige magoti. Ndiyo maana wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na ndiyo maana mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa, iliyowekwa kwa ajili ya mimea kuliko wanyama. Julai? Nyasi zimekauka, asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani kama chumvi, na upepo unakata masikio. Mimi napenda hata hivyo, lakini mimi nimezoea. Mtoto wa pumu kutoka Tanga na bibi wa magoti, hapana.

Na umbali ni karibu kilomita elfu moja. Kwa siku sita mtakuwa mmeishi ndani ya gari. Njia yenyewe ni nzuri, barabara kuu inapita katikati ya Mikumi na tembo mnaweza kuwaona bila kulipa geti, kisha mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha kona za Kitonga. Mwambie shemeji aweke akiba, aje Februari. Nitampokea mwenyewe.

Suka wa Segera

Tanga Lushoto: saa tatu na nusu mpaka nne kwa gari dogo, lami mpaka mjini. Segera, Korogwe, Mombo, halafu unapanda. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kona. Wanaotapika wakae mbele, wapewe tangawizi, wasisome simu. Kushuka tumia gia, usikanyage breki muda wote. Nimeona wengi magurudumu yanatoa moshi pale kabla ya Mombo.

Serengeti kwa gari hilo usijaribu.

Kijana wa Ngamiani

Naunga mkono hilo la Serengeti, na nieleze kwa nini, maana mimi niliumia. Mwaka juzi tulichanga watu wanane, wakala mmoja akatuhakikishia kwamba wiki ya mwisho ya Juni tutaona nyumbu wakivuka Mara. Tulifika, nyumbu wengi walikuwa bado upande wa magharibi, karibu na Mto Grumeti. Dereva mwenyewe alitwambia kuvuka Mara huanza kuonekana Julai, na huendelea Agosti na Septemba, na hata hapo unaweza kukaa ukingoni siku nzima wasivuke. Mnyama anafuata nyasi na mvua, hafuati tarehe ya tiketi.

Kutoka Tanga mpaka Arusha ni zaidi ya kilomita 430. Halafu Karatu, halafu unapita Ngorongoro ambako nako kuna malipo yake, na ukifika Seronera, katikati ya hifadhi, bado kwenda kaskazini kwenye mto ni safari ya saa nyingi juu ya vumbi. Siku sita zako, nne ni barabara. Hifadhi ni nzuri, simba tuliwaona, chui tulimwona. Lakini kijana wako anataka mto, na mto kwa Juni ni bahati nasibu. Ukingo wa Ngorongoro nao uko juu ya mita 2,200, asubuhi za Juni ukungu unaziba hata mti ulio mbele yako. Bibi atateseka.

Mama Wawili

Nashukuru sana. Kaka wa Ngamiani pole. Nimemsomea kijana ujumbe wako, amenyamaza tu, sijui nimweleze nini. Amekuwa akihesabu siku.

Msambaa wa Soni

Shemeji mpe faru badala ya nyumbu.

Nasema kweli. Hifadhi ya Mkomazi iko nyuma ya milima yetu hii, upande wa pili. Ukisimama kwenye vijiji vya Mtae au Mambo unaiona yote chini kama kitambaa kilichotandazwa. Geti la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Kuna faru weusi ndani ya eneo la uzio, na siku hizi wageni wanaruhusiwa kuingia kuwaona, jambo ambalo sehemu nyingine utazunguka siku tatu usilipate. Kuna mbwa mwitu wanaozalishwa pale, kuna twiga, choroa, pundamilia. Juni mvua imekatika, nyasi zinaanza kulala, wanyama wanaonekana. Gari lako acha Same, kodi Noah au gari la juu kwa siku moja. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, si cha dola kama cha mgeni, na unalipa kwa kontroo namba, hawapokei taslimu getini. Watoto wadogo kabisa hawalipi. Wa miaka sita atalipa kiasi cha mtoto.

Sasa Lushoto. Ni kwetu, lakini sitakudanganya. Kipupwe cha huku si cha Raskazone. Mjini pako kwenye mita 1,400 hivi, ukipanda Magamba ni juu zaidi, na usiku wa Julai unaweza kushuka kukaribia nyuzi 10. Jua likitoka ni raha isiyosemeka, lakini kuna siku halitoki, linakaa manyunyu tu kutwa. Ndiyo maana nakushauri mlale Soni. Sisi tuko chini ya Lushoto, baridi imepungua kidogo, maporomoko yako karibu na barabara, na Lushoto mnapanda mchana na kurudi. Irente gari linafika karibu kabisa na jabali. Bibi atatembea hatua chache ataiona nyika ya Mombo yote, mashamba ya mkonge yamepangwa kama mistari ya daftari. Msitu wa Magamba muwaachie baba na kijana, wakaone mbega weusi wenye mkia mweupe.

Matunda: msije mkitegemea plamu, msimu wake ni kuanzia Desemba. Sasa hivi ni karoti, kabeji, viazi, mboga za kila aina, na chai ya moto.

Nesi Korogwe

Dada, naomba nisimame kwenye hao wawili, binti na bibi.

Hewa ya baridi na kavu inaweza kuamsha pumu. Kabla ya safari mpeleke akaonwe, na mbebe pampu zote mbili, ile ya kila siku na ile ya bluu ya dharura. Ya bluu isikae kwenye begi nyuma ya gari. Ikae mkobani kwako. Asubuhi akitoka nje afunikwe pua na mdomo kwa mtandio, ile hewa ipate joto kabla haijafika kifuani. Gesti za baridi zina mablanketi mazito yasiyofuliwa mara kwa mara. Beba shuka lako na blanketi lake la nyumbani, vumbi la blanketi ni baya kwake kuliko hata baridi.

Bibi aombewe chumba cha chini, kisicho na ngazi, chenye maji ya moto ya uhakika. Soksi mbili, flana ndani ya gauni. Baridi haisababishi ule ugonjwa, lakini inakaza viungo na maumivu yanapanda.

Na hili ninawaomba wote mnaokwenda Lushoto, Makete, Njombe, popote penye baridi: msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia, anaona joto limemkolea, na haamki. Nimewapokea watu wa namna hiyo alfajiri, familia nzima, na wengine hatukuwawahi. Mwenye gesti akikuletea jiko, liote nje au mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala litoke.

Suka wa Segera

Ahsante nesi. Hilo la jiko ni kweli tupu.

Binti Mchaga wa Tanga

Nichomekee Marangu maana hakuna aliyeitaja. Msitu wa chini wa Kilimanjaro mtu anaweza kupanda mpaka Mandara, mita 2,700, na kurudi siku hiyo hiyo. Ila Juni na Julai wingu linakaa. Kibo unaiona alfajiri au jioni, mchana imejifunika. Kwa bibi na mtoto wa pumu ningesubiri Januari.

Mzee wa Kaole (Bagamoyo)

Sisi wa Bagamoyo tungependa mje, Kaole kuna msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, na misheni ya mwaka 1868 bado imesimama. Lakini mtu wa Tanga anayetaka kubadilisha hewa, Bagamoyo atakuta upepo ule ule aliouacha nyumbani. Mniwie radhi kwa kusema hivyo.

Ninalotaka kuuliza ni jingine. Huyo mama amesema Pangani, nanyi mkadhani anawahurumia. Je, mlimuuliza?

Bahari ya Ushongo (Pangani)

Mzee umenitangulia.

Kwanza niseme ukweli wa bahari. Juni na Julai kusi kimeshika, bahari chafu, ngalawa nyingi zinatoka alfajiri na kurudi kabla upepo haujachachamaa. Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni fungu la mchanga tu siku hizi, zamani kilikuwa na mivinje, bahari ikaila yote, huonekana maji yakitoka na huzama yakijaa. Kwa kipupwe nahodha mwenye akili atawaambia leo haiendeki, na mkubali. Anayewaambia twendeni tu bila kuangalia upepo wala maji, msipande chombo chake. Na msije mkitafuta papa potwe; huyo ni wa Mafia, na ni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi.

Lakini kuna kitu cha miezi hii ambacho watu wa Tanga mjini hawakijui. Kasa wa kijani hutaga Maziwe, na kwa kuwa kisiwa kinazama, walinzi wanayahamisha mayai kuja kuyafukia Ushongo bara. Yanakaa kama siku sitini, kisha vitoto vinatoka mchangani na kukimbilia maji. Wengi wanatoka kati ya Mei na Agosti. Uliza siku moja kabla kama kuna kiota kinachotegemewa. Binti wa miaka sita akiwaona wale, hatasahau.

Hewa ya pwani nayo ni ya uvuguvugu hata kipupwe. Kifua cha binti kitapumzika, na magoti ya mama pia.

Mama Wawili

Mzee wa Kaole, nimekaa na maneno yako tangu jana. Leo baada ya magharibi nilimpelekea mama chai, nikamuuliza kwa nini Pangani. Akasema mama yake alizikwa huko, ng'ambo ya mto, na hajafika kaburini tangu mwaka tuliooana. Alisema hakutaka kutuharibia safari ya watoto.

Mume wangu alikuwa mlangoni, akasikia. Hakusema kitu, alikwenda akaleta daftari tukapanga upya.

Siku ya kwanza tunapanda Soni, tunalala mbili. Irente mama atakwenda, Magamba watakwenda wanaume. Siku ya tatu tunashuka tunalala Same, na asubuhi yake mapema kijana na baba yake wanaingia Mkomazi kwa gari la kukodi kuona faru, sisi wengine tunapumzika. Kijana amekubali, sasa anasoma kuhusu faru weusi na ameniuliza kwa nini ni wachache. Jioni hiyo tunarudi Tanga, na siku mbili za mwisho ni za mama. Kitulo tumeiandika Februari, mwalimu ujiandae.

Swali moja limebaki. Pangani njiani kuna cha kumwonyesha kijana?

Bahari ya Ushongo

Simameni Tongoni, kilomita kama 17 kutoka mjini, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo kando ya bahari. Pangani mjini mwonyesheni Boma, na mwambieni kwamba Abushiri aliyepigana na Wajerumani alinyongewa Pangani Desemba 1889.

Mama mpelekeni kaburini asubuhi, jua likiwa dogo na maji yametoka. Nikumbushe siku mbili kabla nikuangalizie majira ya maji na nikuulizie habari za kasa. Mkitoka huko mpiteni kwetu, kutakuwa na mihogo ya nazi na samaki.