Posa kutoka Ohio: kijana ana miaka 30 na anakaa kwa mama yake

Shangazi wa Makorora
Assalam aleikum ndugu zangu. Binti wa kaka yangu yuko Columbus, Ohio, ni muuguzi. Amepata mchumba Mmarekani, kijana amesilimu, na posa imeletwa kwa simu. Kaka ameniachia mimi nipeleleze. Niliyoyapata yananitatiza. Kijana ana miaka 30 na bado anakaa kwa mama yake. Wazazi walitalikiana yeye akiwa mdogo. Baba ana mke mwingine, mama anaishi na bwana bila ndoa. Dada yake ana mtoto na hajaolewa. Wazee hapa Tanga wananiuliza hiyo ni nyumba ya namna gani, nami sina la kuwajibu. Waliosoma mambo ya jamii nielezeni: ni kwao tu, au ndivyo familia za kule zilivyo siku hizi? Sitaki matusi juu ya Wazungu, nataka kuelewa. Mtoto huyu nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki.

Mstaafu Chumbageni
Waaleikum salam dada. Sosholojia niliisoma Mlimani, na kazi ya maendeleo ya jamii nimeifanya mkoa huu mpaka kustaafu. Nyumba uliyoieleza ni ya kawaida kule. Mwaka 1956 nusu ya wanaume wa Marekani waliooa kwa mara ya kwanza walikuwa hawajafika miaka 23, na wanawake walikuwa wakiolewa wakiwa na 20 hivi. Sasa ni kama 30 na 28. Watoto wa nje ya ndoa walikuwa kama 5 katika kila 100 mwaka 1960. Leo ni karibu 40.

Talaka zilipanda sana baada ya California kupitisha sheria mwaka 1969 ya kuachana bila kuthibitisha kosa la mwenzako, na majimbo mengine yakafuata. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zimekuwa zikishuka. Hilo huku halisemwi.

Sababu ndiyo ninayotaka uishike, maana watu hukimbilia kusema maadili yameharibika, basi, mazungumzo yamekwisha. Mwanasosholojia William Julius Wilson alichunguza mitaa ya watu weusi maskini wa Chicago, na mwaka 1987 akaeleza kwamba viwanda vilipofungwa na kuhama, wanaume wenye kazi ya kuaminika walipungua, na ndoa nazo zikapungua. Watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa hili. Nyuzi za plastiki ziliua bei ya mkonge, kisha viwanda vyetu navyo vikafungwa, na vijana waliokuwa na mshahara wa mwezi wakawa vibarua. Ofisini kwangu walikuja wasichana wenye watoto; baba yupo, anamkubali mtoto, ila hana mahari wala chumba. Fomu ilitaka niandike "mama asiye na mume". Niliichukia fomu ile. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba baba alipunguzwa kazi.

Kule wenye digrii bado wanaoana, wanachelewa tu, na ndoa zao hudumu zaidi. Wasio na digrii ndio wengi wanaozaa kabla ya ndoa. Andrew Cherlin, mwanasosholojia pia, anasema ndoa iliyokuwa mwanzo wa maisha ya utu uzima sasa imekuwa hatua ya mwisho: kwanza kazi, kwanza akiba, kwanza nyumba. Kuhusu kukaa na mzazi, Julai 2020, wakati wa korona, zaidi ya nusu ya vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wakiishi na wazazi.

Kijana wa Pongwe
Mzee nakuheshimu, lakini si yote ni kazi za wanaume. Miaka ya 1930 Wamarekani walikuwa na dhiki kubwa, ndoa zikachelewa, ila watoto wa nje hawakufikia kiasi hiki. Kilichobadilika ni mwanamke. Kidonge cha uzazi kiliruhusiwa mwaka 1960, akaingia kazini, akapata pesa yake. Sasa anaweza kumkataa mume mbaya. Dada zangu wawili wangepata nafasi hiyo ningeshukuru Mungu.

Mstaafu Chumbageni
Kweli mwanangu, na sikupingi. Ongeza na hili: mwanasosholojia Arlie Hochschild alionyesha mwaka 1989 kwamba mke akitoka kazini hukuta zamu ya pili nyumbani, kupika na kulea, mume hajasogea. Ndoa nyingi zilichoka hapo.

Ngamiani–Ohio
Shikamoo shangazi. Mimi mtoto wa Ngamiani, niko Ohio nahudumia wazee majumbani kwao. Kila siku naingia nyumba za watu wanaoishi peke yao, watoto wako majimbo ya mbali. Karibu nyumba 3 katika kila 10 Marekani zina mtu mmoja tu. Kwa hiyo kijana aliye na mama yake mimi simhesabii kasoro mpaka nijue anafanya nini pale. Analipa kodi ya nyumba? Nani anampeleka mama hospitali? Na binti akijifungua, sheria ya 1993 inalinda kazi yake wiki 12 bila malipo, tena si kwa waajiri wote. Kulea mtoto kule ni ghali mno. Bibi wa karibu ni msaada mkubwa.

Shangazi wa Makorora
Marahaba mwanangu. Nimemuuliza binti. Kijana analipa nusu ya kodi, na mama ana kisukari, yeye ndiye anayempeleka kliniki. Hilo nitamwambia kaka kabla ya jambo lolote. La mama kuishi na bwana wazee hawatalipenda, nami silipendi, lakini hatumuozi mama. Mwanangu, nikah kule hufungwa kabla ya cheti cha serikali au baada?

Ngamiani–Ohio
Wanachukua kibali kwanza, mahakama ya mirathi ya kaunti. Kinadumu siku 60. Ndani ya siku hizo imamu aliyesajiliwa na jimbo anafungisha na kusaini. Mwambie binti amuulize imamu mapema kama amesajiliwa.