Nimeuziwa lenzi ya "makro" yenye fangasi, halafu naambiwa kosa ni unyevu wa Tanga!

Wakuu salaam. Nina hasira hata chai haipiti, mtanivumilia nikipayuka.

Mimi ni mpiga picha, niko Ngamiani, Tanga. Kazi yangu kubwa ni harusi, hasa upande wa kina mama: usiku wa hina, singo, kule ambako mpiga picha mwanamume haingii. Siku hizi bibi harusi haridhiki na picha ya mkono tu. Anataka ua la piko lionekane mpaka pale rangi ilipokolea, na jina lililochongwa ndani ya pete lisomeke. Ndiyo maana nikatafuta lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, tena iwe ndogo ya kuingia kwenye mkoba.

Nikaipata kwenye duka moja la Dar: Canon 50mm f/2.5 Compact Macro, mtumba. Nikauliza swali moja tu, inafika 1:1? Muuzaji akanijibu kwa sauti, ninayo mpaka leo: "Dada yangu, hiyo unapiga jicho la nzi linajaa skrini." Nikatuma laki nne na nusu. Mzigo ukaja na basi, nikaupokea stendi ya Kange Alhamisi jioni.

Usiku huohuo nikalaza rula mezani. Kwa asiyejua, 1:1 maana yake kitu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya kamera yangu ina upana wa milimita 22 na kidogo, kwa hiyo nikisogea mpaka mwisho wa fokasi, picha ijae milimita 22 za rula. Nikaona 44 na ushee. Nikazungusha kwa mkono, nikabana pumzi, nikarudia. 44 palepale. Nusu!

Kumbe lenzi hii tangu itoke mwaka 1987 inaishia 1:2. Ukitaka 1:1 unaongeza kipande kingine, Life-Size Converter EF, kilichokuwa kikiuzwa peke yake. Lenzi yenyewe siigombi, kwa hina inatosha na picha zake ni kali kama wembe (kile kimlio chake ikitafuta fokasi, chumba kizima kimetulia na somo anachora, ni habari nyingine). Ninayemgomba ni huyu aliyejua akanyamaza, au hakujua akaniapia.

Hilo ningemeza. Ijumaa asubuhi nikaimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Nyuzi nyeupe, pembeni ya kioo cha ndani, zimetandaa kama vimizizi vya mchicha uliong'olewa. Fangasi. Nikapangusa mbele, nikapangusa nyuma, wapi!

Napiga simu naambiwa: "Huko kwenu pwani unyevu mwingi, imeingilia huko." Usiku mmoja? Hata mkate hauoti ukungu usiku mmoja! Na hiyo Dar yake iko wapi, Dodoma? Unyevu wa Tanga naujua kuliko yeye. Lenzi zangu zinalala kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ninavyookota kwenye maboksi ya viatu. Miaka sita hakuna iliyoota kitu. Hii ya kwake nimeitenga chumba kingine kama mgonjwa wa surua.

Akaniambia nimtumie elfu themanini aisafishe, na nauli ya mzigo juu yangu. Nilipokataa akanionyesha muhuri kwenye risiti, "mali ikiuzwa hairudishwi", kisha akaniblock.

Sasa naombeni msaada. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo. Kuna aliyewahi kuwapelekea lalamiko dogo kama hili? Sauti yake kwenye simu inatosha kuwa ushahidi? Na fundi wa kufungua lenzi, Tanga hii yupo, au mpaka niirudishe hukohuko Dar? Duka silitaji kwanza, nasubiri majibu yenu.