Bia ya mwaloni hapa Goma: ya kwanza imenuka hospitali, ya pili naogopa kuigusa

Himbi_Jikoni

Jambo bandugu. Niko Himbi, Goma. Natengeneza bia nyumbani mwaka wa pili sasa: ndoo ya lita 20, sufuria kubwa, jiko la makala, na mke mwenye subira. Unga wa malti naletewa na shemeji anayefika Nairobi kwa biashara zake. Bia za kawaida nimezizoea.

Ugonjwa wangu ulianza mwaka jana. Kaka yangu alitoka Ulaya na chupa nne za Innis & Gunn Original, ile ya Scotland inayolazwa kwenye mwaloni. Tatu tulizimaliza usiku uleule. Ya nne niliificha, nikainywa Jumapili mchana peke yangu, polepole. Vanila, sukari iliyoungua, harufu ya mbao inayokuja ukishameza. Primus, bia yetu ya hapa, bado naipenda, msinipige mawe, lakini ile ladha haijanitoka kichwani.

Nikajaribu. Kaka alinitumia gramu 200 za vibanzi vya mwaloni wa Marekani, vilivyochomwa kiasi. Niliweka gramu 100 kwenye lita 10, nikafunga, sikufungua wiki tatu. Nilijiambia, wao wanalaza siku nyingi, mimi nani niharakishe? Sasa ukiinywa ulimi unakauka kama umetafuna ndizi mbichi, na nyuma yake kuna harufu ya plasta ya kidonda. Mke alionja, akauliza nani ameumia.

Ndoo ya pili iko tayari, lita 20. Densimetri, kile kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, ilianza 1.062, sasa imesimama 1.015 siku nne. Vibanzi vimebaki gramu 100 na naona ni vichache. Jirani yangu anachonga chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, ana vipande vya mbao tele uani. Naweza kuchanganya? Niweke kiasi gani, siku ngapi? Na ile ya kwanza, ina dawa?

Mzungusha_Ringi

Ukiweka mbao za chukudu, bia itateremka yenyewe mpaka Birere bila kusukumwa.

Fundi_Majengo

Tuache mchezo, mimi mbao ndiyo kazi yangu. Usithubutu. Chukudu nyingi ni mikaratusi, na huo mti una mafuta ndani. Nusa tu majani yake wakati mtu anajifukiza mafua, hiyo ndiyo bia yako. Muvula? Vumbi lake linaniwasha ngozi na kunitoa machozi kazini, sitaki kujua linafanya nini tumboni. Na mbao za dukani hujui zimepakwa nini, kuna watu wanapaka mafuta machafu ya gari kuzuia mchwa. Mti ambao watu hawajaunywea miaka mingi, usiwe wewe wa kwanza.

Mwaloni wenyewe mimi sijawahi kuutia randa. Naujua kwenye Biblia tu, ile mialoni ya Mamre ya Ibrahimu.

Densimetri_Lushi

Salamu kutoka Lubumbashi. Kabla sijasema lolote: vile vibanzi uliviosha na nini?

Himbi_Jikoni

Javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia. Saa moja, halafu nikasuuza mara tatu. Ndoo pia naioshea javeli na haijawahi kunisumbua.

Densimetri_Lushi

Basi hospitali yako tumeipata. Ndoo ya plastiki ukiisuuza vizuri, javeli inaondoka. Mbao ni sponji, inainywa. Klorini iliyobaki inakutana na fenoli za mbao na za bia, vinazaa kitu ambacho pua inakisikia hata kikiwa kidogo mno, na harufu yake ndiyo hiyo ya plasta. Haitoki. Si kwa muda, si kwa sukari, si kwa kuchanganya na bia nzuri. Ukichanganya utakuwa na lita 30 mbaya badala ya 10. Mwaga.

Ukakasi ni kosa jingine, na lenyewe ni la hesabu. Gramu 100 kwa lita 10 ni nyingi kupita kiasi. Wengi wetu tunaanzia gramu 20 mpaka 30 kwa lita 20. Kwa hiyo ulichobaki nacho kinakutosha mara tatu mpaka tano, wala huhitaji uani kwa jirani. Halafu vibanzi ni vyembamba, bia inavipenya haraka: ladha karibu yote inatoka ndani ya wiki moja hadi mbili. Vile vipande vya mraba, vinene, ndivyo vinavyongojewa mwezi na zaidi. Umetumia saa ya pipa kwa kitu kisicho pipa.

Mwaloni ukichomwa, sehemu ya mbao inavunjika na kuwa vanilini, ndiyo vanila yako. Ule wa Marekani unaongeza kitu kama nazi. Ukiungua zaidi unakuja moshi. Na tanini, yenye ule ukakasi, ipo tu, inasubiri uzembe.

Himbi_Jikoni

Aksanti mukubwa, ingawa umenivunja moyo na zile lita 10. Mzungusha Ringi ameshaniandikia pembeni kwamba nizipeleke zikageuzwe kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji.

Densimetri_Lushi

Usifanye hivyo. Kuchemsha pombe kali jikoni bila kujua unachokamata mwanzo na mwisho si mchezo, na harufu hiyo itapanda na mvuke vilevile.

Kona_ya_Katindo

Mimi nina swali la pembeni. Kwa nini asitafute pipa dogo? Nimeona mtandaoni yapo ya lita 5, mazuri hata kwa kupamba sebule.

Densimetri_Lushi

Kwa kupamba, sawa. Pipa la bourbon ni kama lita 200. Ukilinganisha na la lita 5, kila lita ndani ya lile dogo inagusa mbao zaidi ya mara tatu. Siku chache tu unakunywa ubao, na hewa inaingia upesi pia.

Hata hao wenye bia ya Scotland walianza kwa ajali ya mapipa. Watengenezaji wa wiski, William Grant & Sons, walitaka mapipa yaliyokolea bia ili wiski yao ichukue ladha hiyo. Bia ilikuwa ya kusafishia tu, ikishatoka inamwagwa. Wafanyakazi wakaionja kabla ya kuimwaga. Dougal Sharp, aliyekuwa ameitengeneza, akaianzishia kampuni pale Edinburgh mwaka 2003. Chupa za mwanzo zilijisifu siku 77: 30 kwenye mwaloni, 47 za kuchanganywa na kutulia. Angalia hesabu hiyo, kutulia kulizidi mbao! Baadaye walikuwa na mtambo wa kupitisha bia kwenye vibanzi. Kwa hiyo usione aibu kutokuwa na pipa.

MamaKasiksi_Bukavu

Mwanangu wa Himbi, mimi sijui hiyo ya Scotland, lakini mbao naijua. Nyumbani tulikamulia ndizi kwenye mtumbwi wa mti, tukaweka mtama uliokaangwa, kasiksi ikachacha humo. Mtumbwi mpya bibi alikuwa hatumii hivi hivi. Aliujaza maji ya moto, yanalala, yanatoka meusi, anamwaga. Mara mbili, mara tatu, mpaka maji yatoke karibu meupe. Alisema mti una hasira ya kwanza, hiyo usimpe mgeni. Wewe umempa mkeo.

Densimetri_Lushi

Mama, shikamoo. Ndivyo hasa. Vimwagie vibanzi maji yanayochemka, dakika kumi, mwaga maji hayo. Goma mko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemkia karibu nyuzi 95, yanatosha. Unaua wadudu na unaondoa ukakasi wa juu kwa mkupuo mmoja. Javeli irudi chooni.

Sindano_Ndosho

Mimi nitamshauri kinyume kidogo: asitie vibanzi ndani ya bia kabisa. Ndoo ni moja, vibanzi vikishakolea huwezi kuvirudisha nyuma.

Chukua gramu 30, vioshe kwa maji ya moto kama alivyosema Mama, vikaushe, tia kwenye chupa ya kioo. Mimina wiski au bourbon yenye asilimia 40, mililita 250. Funga, wiki mbili, tikisa unapokumbuka. Chuja. Kisha nunua sindano ya mililita 5 kwa famasia. Pima glasi nne za bia, mililita 100 kila moja. Ya kwanza usiweke kitu, ya pili tia nusu mililita, ya tatu moja, ya nne mbili. Onjeni na mke bila yeye kujua ipi ni ipi. Mkichagua ya mililita moja, maana yake ndoo ya lita 20 inataka mililita 200. Hiyo wiski nayo itakupandishia kilevi kwa asilimia 0.3 hivi. Bia yako kwa namba ulizotoa ni 6.2, na Original ni 6.6. Karibu zinakutana; sijapanga, imetokea tu.

Densimetri_Lushi

Nakubali, na inaniuma kukubali. Kwa mtu mwenye ndoo moja njia hiyo ni salama zaidi.

Kona_ya_Katindo

Na maji? Himbi, unatumia ya bomba?

Himbi_Jikoni

Ya bomba, ndiyo.

Kona_ya_Katindo

Bomba letu linavuta ziwani, na Kivu si ziwa la kawaida. Gesi yake imewahi kuchemshia bia kiwandani Gisenyi, lakini maji yake ni ya chumvichumvi, pH karibu 9, magnesiamu na bikaboneti nyingi. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, unakuwa mkali, unakwaruza. Juu yake wameweka klorini, ile ile ya javeli. Ndoo ijayo changanya nusu kwa nusu na maji ya kununua kwenye bidoni, na ya bomba yachemshe siku moja kabla uyaache wazi. Nadhani sehemu ya ukakasi wako ilitoka hapo hata kabla ya mbao.

Sindano_Ndosho

Ndoo ijayo pia, kama unataka ile sukari iliyoungua: chota lita 2 za maji ya malti mwanzoni, uzichemshe pembeni mpaka zibaki nusu lita, nzito kama asali, uzirudishe. Mbao haiwezi kukupa hiyo.

Himbi_Jikoni

Wiki tatu baadaye, nimerudi. Lita 10 nilizimwaga usiku, majirani wasione. Sindano nilinunua mbili kwa sababu watoto waliiba ya kwanza.

Glasi nne mezani, mke amefumba macho. Ya mililita mbili aliisukuma mbali: "Hii ni kabati." Mimi nilitaka ya moja. Yeye akashikilia ya nusu, akasema ndiyo pekee anayoweza kuimaliza. Tukapima ya katikati, mililita 0.7, tukakubaliana: 140 kwenye ndoo. Nimetia na sukari gramu 90 ya kuleta gesi, nimejaza chupa 26 za sentilita 72, vizibo vimefungwa.

Nilionja iliyobaki chini ya ndoo, ya uvuguvugu, bila gesi. Si Innis & Gunn. Ni nyembamba zaidi na caramel haipo, Sindano alisema kweli. Lakini vanila ipo, inakuja ukishameza, palepale inapotakiwa.

Mama, chupa moja ni yako, boti ya Bukavu nitampa nani aibebe?

MamaKasiksi_Bukavu

Mpe yeyote asiyekunywa, kama umebaki naye mmoja Goma. Na usiitume sasa, iache mwezi itulie.

Mzungusha_Ringi

Mimi sinywi.