Wakala wa mizigo ametuharibia vyombo vya kazi vya kakangu, pesa kala, na sasa simu hashiki

Ndugu zangu, huu uzi ni mrefu, mtanisamehe. Nimenyamaza miezi minne nikiambiwa "subiri kidogo", na leo subira imekwisha.

Sisi ni mafundi wa nakshi, Lamu, Langoni. Babu alichonga, baba akachonga, na mimi na kakangu tunachonga. Kaka alioa Mjerumani, karatasi zake zikakamilika, akahamia Hamburg. Kule alipata karakana ya useremala iliyomkubali baada ya kuona picha za milango yake. Walimwambia aje na vyombo vyake vya nakshi, maana vya aina hiyo wao hawana. Alipoondoka ndege ilimruhusu begi moja la kilo 23, akaweka nguo. Vyombo akaniachia mimi nimtumie kwa meli.

Kwa asiyejua kazi hii: fundi wa nakshi hawezi kuingia dukani akanunua patasi mpya asubuhi, mchana akachonga mfaa wa mlango. Ipo bobari, yaani patasi ya makali yaliyopinda, ya marehemu baba, ya nusu inchi, mpini wake wa mkwaju umebonyea pale gumba linapokaa. Miaka mingi ya mkono mmoja ndiyo iliyoubonyeza vile. Ukiishika, gumba linajiendea lenyewe mahali pake. Mtu mwingine ataona kijiti kilichochakaa. Kaka alijifunza kuchonga waridi kwa bobari ile akiwa na miaka kumi na moja.

Basi nikakusanya patasi na bobari 34, randa tatu, tezo, keekee ya kutobolea na uta wake, nyundo, tupa. Kila chuma nikakipaka grisi. Patasi nikazishonea mifuko kwenye kipande cha tanga kuukuu, kila moja na mfuko wake, nikakunja kama mkeka ili makali yasigusane. Kasha nikalitengeneza mwenyewe kwa mbao mbichi za mwembe, unene wa inchi moja, pembe nimezifunga kwa meno bila msumari hata mmoja. Sentimita 120 kwa 70 kwa 60. Vyote pamoja kilo 86.

Nikalipandisha rukwama hadi gatini, mashua hadi Mokowe, na kutoka pale lori mpaka Mombasa, na mimi mwenyewe juu ya lori sikubanduka. Bandari mpya tunayo pale Kililana tangu 2021, tunaziona meli zikitia nanga, lakini kasha la fundi wa Lamu bado lazima lizunguke kwa Garsen na Malindi likatafute meli Kilindini. Hilo nalo linaniuma, ila si la leo.

Wakala nilielekezwa na mtu. Ofisi ina kiyoyozi, ukutani picha za meli. Akalizunguka kasha, akalipima kwa futi yake, akaligonga kwa kiganja. Nikamuuliza wazi: "Bwana, mbao hizi hazina shida huko ziendako?" Akanijibu, "Sheikh wangu, kasha kama hili halivunjiki. Hii kazi tunaifanya kila wiki." Nikatuma kwa M-Pesa shilingi 38,000, akaniandikia risiti kwa mkono wake: kila kitu kimelipwa mpaka Hamburg.

Kumbe mbao ndizo zilizokuwa shida.

Iko kanuni ya kimataifa, inaitwa ISPM 15, ipo tangu 2002. Mbao yoyote mbichi inayofungiwa mzigo wa kwenda nje lazima ipashwe moto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au ifukizwe dawa, ili wadudu wa miti wasisafiri nayo. Kisha inapigwa mhuri wenye suke la ngano na herufi za nchi, KE kwa sisi. Hapa Kenya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, ndio wanaosimamia. Plaiwudi haimo katika kanuni hiyo, kwa sababu imeshapikwa na kugandishwa kwa gundi kiwandani. Yaani angeniambia neno moja tu, "tumia plaiwudi", ningelala Mombasa usiku mmoja nikaunda kasha jingine asubuhi. Mimi ni seremala! Mbao ndiyo kazi yangu! Mtu anayepeleka mizigo Ulaya kila wiki hawezi kuniambia hakulijua hilo. Alilijua, au hastahili kukaa kwenye ile ofisi.

Mzigo aliniahidi wiki sita. Ulichukua zaidi ya miezi mitatu, kwa sababu meli nyingi zilikuwa zikikwepa Bahari ya Shamu kwa ajili ya vita na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hilo simlaumu, vita si vyake. Lakini ulipofika, mbao hazina mhuri, mzigo ukazuiwa. Siku 26 ghalani, na kila siku inahesabiwa pesa. Mwisho kasha likachomwa moto, na vyombo vikatiwa na watu wa ghala ndani ya katoni mbili. Kile kitambaa cha tanga hakikuonekana tena.

Kaka alinipigia video usiku ule. Hakusema kitu. Aligeuza kamera tu, akawa anatoa kimoja kimoja anakiweka mezani. Chuma kimegusana na chuma, makali yamepukutika kama meno ya mzee, grisi imefutika na kutu imeanza kwenye randa. Uta wa keekee umekatika katikati. Akahesabu patasi mara mbili. Thelathini na moja. Bobari ya baba haimo.

Na bado anadaiwa. Nililipia mita moja nzima ya ujazo wakati kasha ni nusu mita na ushei tu, wakala akasema hicho ndicho kiwango cha chini cha kuchangia kontena. Sawa, nimeuliza wengine wakasema ndivyo ilivyo. Lakini kule kaka akatozwa ada ya kufungua kontena, ada ya kuhudumia mzigo, ada ya karatasi. Na ile risiti yangu ya "kila kitu kimelipwa"? Wakala anasema alimaanisha nauli ya bahari!

Lililonichoma zaidi ni ushuru. Mtu anayehamia nchi za Umoja wa Ulaya kutoka nje, kama ameishi huko nje miezi 12 mfululizo na mali yake ameitumia si chini ya miezi sita, anaruhusiwa kuingiza mali hiyo bila ushuru ndani ya miezi 12 tangu ahamie. Vyombo vya biashara havimo, isipokuwa zana za mkono za fundi. Zana za mkono! Ndiyo maana mashine yetu ya kunolea tuliiacha Lamu. Kinachotakiwa ni orodha ya vitu na maelezo kwamba ni mali ya mhamiaji. Orodha nilimwandikia wakala, kurasa mbili, kila patasi na upana wake. Hakuituma. Aliandika mstari mmoja, "zana, kasha 1", akatunga thamani kichwani mwake yuro 2,400, mzigo ukaingia kama bidhaa. VAT ya Ujerumani ni asilimia 19. Hiyo peke yake ilipita yuro 450.

Halafu kuna shilingi 6,000 alizonitoza eti kibali cha mpingo, kwa sababu mipini minne ni ya mpingo. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kweli, lakini vitu vilivyokwisha kutengenezwa, mbao yake isipozidi kilo kumi kwa mzigo mmoja, havihitaji kibali. Mipini yangu minne haifiki nusu kilo. Kibali chenyewe sijakiona mpaka leo.

Nimempigia, hashiki. Nikipiga kwa namba nyingine anashika, akisikia sauti yangu anakata. Jumatatu nakwenda Mombasa na risiti, nakala ya orodha na picha za kasha kabla halijafungwa. Nadai 6,000 zangu, ada za ghala, na VAT aliyomsababishia kaka. Kama kuna aliyepita mikononi mwa wakala mwenye mtindo huu, aniandikie faraghani twende pamoja. Na kama yupo ndugu Hamburg anayefanya kazi kwenye maghala ya bandari, namuomba sana: bobari ndogo, nusu inchi, mpini wa mkwaju, umebonyea upande mmoja.