Pikapu ya kuhamia: betri ya lithiamu au za asidi? (Malindi)

Barani_Kwetu: Salamu wakuu. Nimenunua pikapu kuukuu yenye nyumba ya kulala mgongoni, kwa Mtaliano aliyekuwa akihama Watamu. Kodi imenichosha, nataka nihamie humo kabisa. Nimekwama kwenye umeme: betri mbili za asidi au moja ya lithiamu? Jumamosi nalipa.

Fundi_Shella: Utasaidiwaje ndugu yangu? Gari gani, mtalala wangapi, friji ya gesi au ya umeme? Sola wati ngapi?

Barani_Kwetu: Samahani. Hilux ya dizeli, mimi na mke wangu. Friji ya volti 12, feni mbili, paneli moja ya wati 200. Betri zote ni Ah 100 (saa za ampea, yaani kiasi cha umeme inachobeba kila moja).

Kusi_Kaskazi: Chukua lithiamu. Asidi ukitaka idumu unatumia nusu ya chaji tu, kwa hiyo hizo mbili zinakupa sawa na lithiamu moja. Ila mbili zina kilo 60 hivi, lithiamu kama 12. Hilux hubeba karibu tani moja. Toa nyumba yenyewe, toa maji lita 80, jitoeni nyinyi wawili. Umebakiwa na nini?

Fundi_Shella: Kweli, lakini asiiunge moja kwa moja na altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri. Lithiamu hunywa chaji kwa pupa, altaneta ikaungua. Lazima pawe na chaja ya kati, nayo ni pesa. Asidi kila fundi hapa mjini anaijua.

Mama_Mambrui: Mwanangu, betri baadaye. Umeangalia paa? Yetu ilikuwa kama hiyo, alumini nje, fremu ya mbao ndani, imepakwa rangi inang'aa. Ilipoingia masika nikaanza kusikia harufu ya mbao mbichi usiku. Nikabonyeza kona juu ya kitanda, kidole gumba kikazama mpaka kucha. Mbao imekuwa kama mkate uliolowa chai. Kumbe mwenyewe wa kwanza kila palipovuja alipaka silikoni juu ya silikoni, na mpya haishiki juu ya kuukuu. Tulibandua ubavu mzima, riveti moja moja. Miezi miwili tumelala kwa mkwe Gongoni, na godoro tukalitupa. Bonyeza kona zote nne kabla hujalipa chochote.

Kusi_Kaskazi: Pole sana mama. Na utaegesha wapi? Chini ya mwembe paneli haitazaa kitu.

Fundi_Shella: Na juani Februari, ndani ya boksi la alumini, utalala wewe? Jenga banda la makuti juu ya gari, paneli uiweke pembeni kwenye stendi.

Kusi_Kaskazi: Makuti na jiko la gesi chini yake? Mimi siwezi.

Fundi_Shella: Si apike nje! Nani Malindi anapikia chumbani?

Barani_Kwetu: Nimetoka kubonyeza. Tatu ngumu. Ya nne, upande wa dereva, inabonyea na imetoa maji meusi. Mama, ahsante. Dukani siendi tena Jumamosi, natafuta seremala. Wale wa madau wanaweza kazi hii?

Mama_Mambrui: Wanaweza, tena vizuri. Ila wasikutilie mbambakofi, ni nzito mno.

Kusi_Kaskazi: Mvule je?