Ndama wa ndovu tuliyemfadhili alikufa Machi, wakatutumia picha za ndama mwingine hadi Agosti

Jamani, nimelinyamazia jambo hili wiki tatu nikingoja barua niliyoahidiwa na kituo cha kulea ndovu yatima. Barua haijaja. Kilichokuja, leo asubuhi nikiwa kwenye matatu, ni ujumbe wa simu: mchango wako wa mwezi huu wa kumlea ndama wako haujapokelewa. Ndama wangu! Ndama ambaye wao wenyewe walimzika miezi sita iliyopita! Basi nasema.

Kituo sikitaji. Si kile kikubwa cha Nairobi mnachokijua wote, wala si cha Samburu, kwa hiyo msiwatukane watu wasiohusika. Wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Mimi ni wa Mwatate. Kwetu ndovu si picha ya kalenda. Baba yangu alikuwa akikesha kwenye dungu, anagonga madebe mpaka alfajiri, na bado kuna asubuhi tuliamka tukakuta shamba zima la mahindi limelazwa chini, halijabaki hata bua la kumpa mbuzi. Kwa hiyo nilipokiambia chama chetu cha kina mama tutoe pesa za kulea ndama wa ndovu, dada yangu alinipigia kutoka nyumbani akaniuliza kama nimesahau njaa ya mwaka ule. Sijasahau. Lakini ukame wa 2022 niliuona kwa macho yangu. Nilipita barabara ya Voi nikaona mizoga, na Novemba ile serikali ikatangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Ndovu hubeba mimba miezi 22. Mama akianguka kwa kiu, ndama aliye chini ya miaka miwili hana maisha bila maziwa, atasimama pale pale kwenye mzoga hadi fisi wamfikie.

Wetu fisi walimfikia. Alipookolewa Oktoba hiyo, sikio la kulia lilikuwa limetafunwa, limebaki na pengo unaloweza kupitisha ngumi, na mkia umekatika nchani. Kituo kilimpa jina, nalibakiza maana litawatambulisha. Sisi nyumbani tulimwita Kadogo.

Kina mama kumi na wawili wa Changamwe, shilingi 300 kila mmoja kwa mwezi, tangu Januari 2023. Kwa wafadhili wa Ulaya hizo ni pesa za kahawa. Kwetu kuna mwenzetu anayeuza viazi karai, na hakuwahi kukosa hata mwezi mmoja. Na hatukutoa tu tukasahau. Tulisoma. Tulijua kwamba maziwa ya ng'ombe hayamwingii ndama wa ndovu, mafuta yake humharisha mpaka afe, na kwamba marehemu Daphne Sheldrick, yule mama wa Kenya aliyelea ndovu yatima, alihangaika miaka na miaka kabla ya kupata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi ndani yake. Watu wa Pwani tuliposikia nazi tulifurahi kama tuliombwa sisi wenyewe tuikune! Tulijua chupa ni kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Tulijua mlezi hutundika blanketi ndama aegemeze mkonga, ahisi kama yuko ubavuni mwa mama. Tulijua masikio ya ndama mchanga huungua jua kwa sababu porini angekuwa kivulini chini ya tumbo la mama yake. Binti yangu wa miaka tisa angekusimulia haya yote bila kumeza mate.

Na ni yeye aliyegundua.

Picha ya Agosti ilipoingia aliiangalia, akaniletea simu anaruka: "Mama, sikio la Kadogo limepona!"

Nilitazama. Masikio mawili mazima, kingo zake hazina hata mkwaruzo. Sasa, pengo la sikio la ndovu halizibiki. Huko Amboseli, mtafiti wa ndovu Cynthia Moss na wenzake wamewatambua ndovu mmoja mmoja tangu 1972 kwa masikio hayo hayo, kwa pengo na tundu na mistari ya mishipa, kwa sababu alama hizo hukaa. Nikarudi kwenye picha za nyuma. Aprili, ndama amepigwa kwa nyuma, kachafuka matope mpaka mkia hauonekani. Mei, wako watano wamejazana kwenye dimbwi. Juni, kichwa kimefichwa na mkono wa mlezi na chupa. Julai, upande wa kushoto tu. Miezi minne mtu alikaa akachagua picha zisizoonyesha sikio la kulia. Agosti alichoka, au alidhani tumeshasahau.

Na kila picha ilikuwa na maneno yake. "Kadri siku zinavyokwenda anazidi kuwa mtundu." "Anapenda kuwa wa kwanza kwenye chupa." Nani alikuwa wa kwanza kwenye chupa? Walikuwa wanamwandika nani?

Nilipiga simu, nikazungushwa siku mbili. Ya tatu nikamwachia mwenzangu duka, nikapanda basi. Mlezi niliyemuuliza getini, kijana wa watu amevaa koti la kijani, alinitazama akaangalia chini. Akaniambia, "Mama, pole. Yule alitutoka Machi." Alisema meno yalikuwa yanaota, akapata homa, akaharisha siku nne, wakamtundikia maji, usiku wa tano akalala ubavu na hakuinuka. Kijana yule alilala naye bandani usiku wote ule. Alipokuwa akinieleza sauti ilimkwama. Kwa huyo sina neno, Mungu amlipe, na naomba asije akaadhibiwa kwa kunieleza ukweli.

Ofisini ndiko nilikoungua. Yule bwana wa mambo ya wafadhili hakukana. Alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba wafadhili wakiambiwa ndama amekufa wengi huacha kutoa, na kwamba pesa zetu "hazikupotea", zimelea ndama wengine. Nikamuuliza, mlituuliza? Mngetuambia Kadogo amekufa, chama changu kingelia jioni moja na kesho yake kingeomba kupewa mwingine. Nawajua wenzangu. Mama wa viazi karai mwenyewe amezika watoto wawili. Mnadhani hajui kwamba kiumbe kichanga kinaweza kufa?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawa wameficha mpaka kilio chenyewe.

Kinachoniuma hasa ni kwamba kazi hii yote imesimama juu ya vifo vilivyosemwa wazi. Daphne Sheldrick, miaka ya 1970, alimlea ndama aitwaye Aisha mpaka akawa kama mwanawe. Akaenda Nairobi kwa harusi ya binti yake, ndama aliyekuwa amemzoea yeye peke yake akagoma kula, akafa. Mama yule hakusema ndama ni mzima, hakutafuta ndama mwingine wa kupiga picha. Alikisimulia kifo kile kwa majuto mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwaka 2018, na ndiyo sababu leo walezi hupokezana zamu, ndama asishikamane na mtu mmoja. Kila ndama anayekunywa chupa leo ananyweshwa kwa elimu iliyotokana na Aisha. Kadogo ametuachia elimu gani, kama kwenye taarifa zao bado anacheza matope?

Na msiseme ni jambo la ndani la kituo. Ndovu si mali yao. Huwezi kumwokota ndama porini ukamfuga bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Nataka kujua kama kifo hiki kiliripotiwa tarehe ile ile kilipotokea, au kwenye vitabu vya serikali nako yuko hai, masikio mazima.

Pesa sidai. Shilingi 3,600 mara miezi mitano, Aprili mpaka Agosti, ni 18,000. Wazinunulie maziwa waliobaki, kwa moyo mmoja. Ninachodai nimewaandikia mara mbili. Watuandikie siku aliyokufa na ugonjwa uliomuua. Watuambie amezikwa wapi. Wawaandikie na wafadhili wengine wote wa ndama yule, maana nina hakika hatukuwa peke yetu. Na waache kutumia jina lake kuomba pesa, leo hii, si mwezi ujao.

Binti yangu nilimwambia Jumapili. Hakulia mara moja. Aliniuliza, "Sasa yule wa Agosti anaitwa nani?" Sikuwa na jibu. Yule naye ni yatima, ana jina lake na mama yake aliyekufa mahali fulani, na wamemfanya avae maisha ya mwenzake.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwenu mnaofadhili ndama, kituo chochote kile. Tafuteni picha ya kwanza mliyotumiwa na ya mwisho, muziweke pamoja, mtazame masikio yote mawili. Ukikuta ya mwezi baada ya mwezi imepigwa upande mmoja tu, omba ya upande wa pili, kwa maandishi. Halafu njoo useme hapa umejibiwa nini.